Kigingi cha Shimo la Saba

Jumatatu, 3 Machi

Kapteni wa klabu yetu ya gofu ametangaza. Jumamosi tunacheza Kombe la Kumbukumbu ya kaka yangu. Mwaka umepita tangu tumzike, na hili ndilo la kwanza. Atakayeshinda atakaa na kombe nyumbani kwake mpaka mwakani.

Nimeamua. Litakaa sebuleni kwangu, juu ya kabati la vyombo. Nimemwambia mke wangu aondoe birika lake pale. Amesema birika halina pa kwenda, na kwamba tangu anioe sijawahi kushinda hata karata. Nikamkumbusha kwamba mimi ndiye niliyemwoa. Akasema hilo nalo tuliache.

Sababu naiandika mara moja, nisirudie. Vitu vya kaka vyote viko kwa shemeji, mjane wake: viatu, mkoba wa fimbo, picha ile anayocheka hadi jicho moja linafumba. Ni haki yake, sina neno. Mimi nina glavu moja tu, ya mkono wa kushoto, imekakamaa kwa jasho lake. Huitoa, nikaitazama, nikairudisha. Huwezi kumwonyesha mgeni glavu ukasema huyu hapa kaka yangu.

Kikwazo ni shimo la saba.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kujifua. Shimo la kwanza mpaka la sita, mtu wa heshima. La saba, aibu tupu. Mpira unaondoka vizuri, unafika katikati, unabadili mawazo, unakata kulia na kuzama kwenye miche michanga. Kutoka humo ni kuchapa na kuchapa.

Ni ugonjwa wa familia. Kaka naye mpira wake ulikuwa unakwenda kulia pale pale, ndiyo maana shemeji akachagua kumpandia mche wa kumbukumbu hapo. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa anatoka humo akipiga mluzi.

Njiani kurudi, mwanga umeniingia. Mimi si katibu wa kanuni za uwanja? Cheo hakina mshahara, hakina hata kiti. Kazi ni kubandika karatasi kwenye ubao, kando ya shimo la kwanza, na hakuna anayeisoma. Mpira ukitumbukia kwenye tundu la panya, uokote bila adhabu. Mpira ukisimama kwenye njia ya mikokoteni, vivyo hivyo. Mambo ya uwanja wetu tu.

Sasa itaongezwa moja. Mpira ukiangukia karibu na mche uliofungwa kigingi, utaokotwa bila adhabu na kudondoshwa ndani ya duara jeupe. Duara nitalichora mimi. Nitalichora pazuri.

Jumatano, 5 Machi

Nimempelekea Kapteni rasimu. Amevaa miwani, ameisoma, ameirudia. Ameniuliza kanuni hii inamlinda mchezaji au inalinda miche. Nikashusha uso. Nikasema miche, Kapteni, ukiwemo ule wa marehemu. Akasema kama ni hivyo basi isiwe hiari. Mpira ukae vibaya au ukae vizuri, lazima uokotwe. Nikasema bila shaka, hata mimi ndivyo nilivyotaka. Wakati ule ningekubali hata angesema tucheze pekupeku.

Amepitisha. Wakati natoka ameuliza kama miche yote ina vigingi. Nikasema yote.

Hakuna hata mmoja wenye kigingi.

Alhamisi, 6 Machi

Alfajiri nimekwenda na nyundo, vigingi, na shuka kuukuu la kuchana vitambaa vya kufungia. Kuukuu kwa maoni yangu. Mke wangu ana maoni mengine.

Mche wa kaka nimeuacha wa mwisho. Unanifika kifuani sasa. Sikutegemea. Mingine nilikuwa nimeigongea vigingi kama mtu anayejenga banda, lakini ule mikono ilikuwa mizito. Nikafunga polepole, nikalegeza, nikafunga tena, nisije nikaukaba.

Nageuka, shemeji huyo hapo na ndoo ya maji. Sikumsikia akija. Alikuwa anatazama kile kitambaa. Akasema majuzi upepo ulivuma usiku kucha na yeye hakulala, alikuwa anauwaza mche, anaona haya kumsumbua mtu kwa jambo dogo namna ile. Akasema, asante shem, nilidhani nimebaki peke yangu ninayemfikiria.

Nikampokea ndoo, nikamwagilia mimi.

Ameniambia naye Jumamosi anacheza. Alianza kujifunza baada ya msiba, kwa fimbo za marehemu zilizokatwa zimfae kimo. Mpira wake hauruki, unatambaa. Kwa kuwa bado anajifunza, anapunguziwa mikwaju chungu nzima kwenye hesabu ya mwisho. Nikamtakia heri kwa moyo mweupe. Mtu wa kutambaa huna haja ya kumwogopa.

Ijumaa, 7 Machi

Duara limechorwa. Nimesimama ndani yake na bendera ya shimo hiyo hapo mbele yangu, njia nyeupe, hakuna mti, hakuna shimo la mchanga. Nimepiga mipira mingi na yote imelala usoni pa bendera. Sijawahi kujipenda kiasi hiki.

Mtunza nyasi amekuja kuuliza duara la nini. Nimemwambia ni mambo ya kanuni, marefu. Amesema sawa, yeye anawahi kupumzika, kesho ana kazi ya asubuhi na mapema, akaenda zake na kile chuma chake cha kukatia mashimo. Mtu mpole.

Nyumbani, birika limehamishwa. Kwa kununa, lakini limehamishwa. Nimelipangusa kabati mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike tu.

Walinipanga na Kapteni na shemeji. Mashimo sita ya mwanzo nilicheza hadi mwenyewe nikajistaajabia. Kapteni akaniuliza nimekula nini. Tukafika la saba. Nikapiga, mpira ukaenda kulia, na mimi nikawa natembea kuufuata huku najizuia kutabasamu.

Ulikuwa umesimama hatua moja kutoka kwenye mche wa kaka. Lakini haukuwa umezama! Ulikuwa juu ya nyasi safi, upande wa wazi, unaupiga ukiwa umefumba macho. Nikainua kichwa kuitafuta bendera.

Bendera ilikuwa imehama. Kila siku ya mashindano mtunza nyasi hukata shimo jipya upande mwingine wa grini, ule uwanja wa nyasi fupi, na bendera huchomekwa humo. Kila mtu anajua. Mimi ni katibu wa kanuni, miaka nenda rudi naona akifanya hivyo, na sikukumbuka. Kutoka pale mpira ulipokuwa, bendera ilinitazama uso kwa uso. Kutoka kwenye duara langu, katikati kulikuwa na shimo la mchanga ambalo mtu mzima akiingia unaona kofia tu.

Nikasema kwa sauti ya chini kwamba labda, kwa kuwa mpira umekaa vizuri, si lazima tuwe wakali. Kapteni akasema kanuni ni kanuni, tena ni yako. Shemeji akapiga magoti, akakaza kile kitambaa cha shuka. Akasema, shem, nenda kwenye duara, usiuonee uchungu mpira. Leo umemkinga kaka yako.

Nimejipalia makaa mwenyewe. Nikaokota. Nikadondosha. Nikapiga, nikaingia mchangani, na humo sitaki kuandika. Nilitoka na mchanga masikioni. Shemeji alitambaa, akatambaa, akaufikisha.

Kombe amelichukua yeye. Mashimo yote yalipokwisha, mikwaju ikahesabiwa na yake ikapunguzwa, kanishinda kwa mkwaju mmoja.

Kwenye kukabidhiwa alisimama, akasema kwamba shemeji yake aliandika kanuni ili mtu yeyote asiupige mche wa mumewe, na kwamba kanuni hiyo ndiyo iliyomnyang'anya ushindi, na hakufungua mdomo kulalamika. Watu wakasimama. Kapteni akavua miwani akaifuta. Nilitaka kusema ukweli. Kweli nilitaka. Lakini walishasimama wote. Basi nikalia. Sikuigiza. Nilimlilia kaka yangu mbele za watu kwa mara ya kwanza, maana siku ya mazishi nilikuwa nashughulikia viti.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amekuja mchana na mfuko wa nguo. Ndani yake, kombe. Akaliweka mwenyewe juu ya kabati, pale pa birika. Amesema kwake kila chumba kina marehemu, na hapa hakuna hata picha, akaona tuligawane. Likae kwetu mpaka mwakani. Kisha akasema kwamba kaka alikuwa akinitaja sana. Alikuwa akisema, mdogo wangu hashindi kitu kwa sababu hana hila hata chembe.

Mke wangu alinitazama kwa muda mrefu, halafu akaenda jikoni kuchemsha maji.

Shemeji alipoondoka niliichukua glavu nikaiweka ndani ya kombe. Imeenea vizuri. Nimekaa nayo hadi jua limezama, na kifua kilikuwa chepesi kuliko mwaka wote uliopita. Nimemwambia kaka asante. Nimemwambia pia kwamba hakunijua vizuri.

Hata hivyo, kombe la kupewa si kombe la kushinda. Nimeandika rasimu: kwa heshima ya marehemu, siku ya Kombe la Kumbukumbu bendera ya shimo la saba isihamishwe. Kapteni atapitisha kabla sijamaliza kusoma. Na miche ya upande wa kushoto nayo haina vigingi, jambo ambalo kwa kweli ni hatari upepo ukivuma.

Nimemuuliza mke wangu kama kuna shuka jingine kuukuu.