Povu la Mama Mathilde

Jumatatu, 3 Februari 2025
Kakuma. Nimebeba mawe tangu saa moja. Mgongo umekataa kunyooka. Halafu habari njema! Msimamizi wetu, Ekeno, anasema shule tunayojenga itakuwa na bustani ya ndoo za maji, bila udongo, chini ya kibanda cha makuti. Atakayemwonyesha mboga hai ndani ya maji Jumamosi ya wiki ijayo ndiye atakayeitunza. Kazi ya kivulini! Miaka miwili tangu nitoke Bungoma, kivuli changu ni kofia tu.

Mpinzani ni mmoja. Mama Mathilde, Mkongomani anayetupikia chai.

Jumanne, 4 Februari
Nimekwenda kwake kupeleleza. Nikajifanya naomba chumvi. Ajabu! Ndoo nyeusi, mfuniko umetobolewa, vikombe vya mtindi vimekaa kwenye matundu na changarawe ndani. Spinachi juu, mizizi chini majini, myeupe kama ndevu za padri. Jua hili lote, na majani hayajui habari! Pembeni kimashine kinanguruma kama paka. Redio mbovu, nadhani.

Alijua sikuja kwa chumvi. Akanipa miche mitatu hata hivyo. Mwanamke wa ajabu. Nitamshinda.

Ijumaa, 7 Februari
Nimetumia ndoo inayoonekana ndani, nipate kutazama mizizi jioni. Leo maji ni ya kijani. Nikafurahi: hata maji yanageuka mboga! Mama Mathilde akacheka mpaka akakaa chini. Ule ni uchafu unaoota kwenye mwanga, akasema; mizizi inataka giza. Nimeivisha ndoo suruali yangu ya kazi. Imeitosha kuliko mimi.

Jumatano, 12 Februari
Majani yamelegea. Nikameza aibu, nikamuuliza. Akanishika mkono kama mgonjwa.

“Papa, mizizi inakosa pumzi. Maji bila povu inaua. Weka povu.”

Kumbe siri ni hiyo tu! Na ameitoa bure, kwa adui yake. Moyo mkubwa. Nimenunua sabuni ya unga. Vijiko vinne, nikakoroga kwa nguvu. Povu mpaka kwenye kizingiti! Povu la ndoo yake ni la kuhesabu.

Jumamosi, 15 Februari
Miche imekufa. Inanukia vizuri.

Ekeno alitazama suruali, akatazama povu, akaniuliza nalima mboga au nafua nguo. Vibarua wote walisikia.

Kwa Mama Mathilde alikula jani, akala la pili. Ndipo nikaonyeshwa: ile redio mbovu ni pampu. Inapuliza hewa majini, na hewa ikipanda ndiyo anaita povu. Wakongomani!

Amepewa bustani. Nikarudi kwenye mawe. Kabla sijainama, nikasikia akimwambia Ekeno anahitaji mtu wa kumchotea maji, na anamtaka yule wa suruali. Ekeno akauliza kwa nini. Akasema kwa sababu ninauliza.

Nilijifanya vumbi limeniingia machoni.

Jumatatu, 17 Februari
Kivulini! Mama Mathilde amekwenda Lodwar kuchukua mbegu, atarudi keshokutwa. Ameniachia ndoo zote kumi na mbili. Agizo moja tu: saa kumi niipe mimea chakula. Kando ya pampu kuna chupa ya dawa ya kijani yenye picha ya mboga, sijaigusa, mimi si mtu wa kuchezea vitu vya watu.

Nimesonga ugali laini, wa kutosha ndoo zote. Na maharagwe kidogo, washibe.