Nasambu Aniite Baba Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 2 Agosti 1971
Nimetishwa nyumbani kwangu mwenyewe! Elsie anasema binti yetu Nasambu ana miezi kumi, na bado analia nikimbeba kana kwamba nimemwiba. Ati kosa ni langu. Nikitoka kazini stesheni ya reli, napitia dukani kwa Mureithi kucheza drafti mpaka mtoto alale. Sasa mama mkwe anarudi Bungoma Jumamosi. Mtoto asiponiita baba kufikia siku hiyo, Elsie ataondoka naye mpaka Krismasi. Mpaka Krismasi! Nani atanipikia? Na nyumba itakuwa kimya mno. Hilo sikumwambia.

Nilijitetea kwamba nakaa nje kwa heshima. Mama mkwe analala kwa mpwa wake mtaani Mamboleo, lakini kutwa yuko sebuleni kwangu, na kwetu sisi Wabukusu mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake. Elsie akauliza mama amefika lini. Ijumaa. Na drafti nilianza lini? Nikachukua kofia yangu.

Jumanne, 3 Agosti
Nimeazima kijitabu cha kliniki kuhusu sauti za watoto wachanga. Mwanzo huwa aa na uu tu. Karibu miezi sita au saba midomo huanza kugongana: ma-ma, ba-ba, pa-pa. Hayo ni mazoezi, bado hayana maana. Sauti kama r hukawia miaka. Basi nusu ya kazi imeshafanyika! Nasambu anasema ba-ba-ba kwa kijiko, kwa kuku na kwa ukuta. Imebaki kumwelekeza kwangu. Ukurasa wa tisa unashauri mzazi akae na mtoto uso kwa uso, amwonyeshe midomo, amjibu kila anachotamka. Niliuruka. Nani ana muda huo?

Mureithi alijigamba kwamba binti yake Wangui, mdogo wa Nasambu kwa mwezi mzima, humwita baba kila asubuhi. Akanifunga kwenye drafti pia.

Jumatano, 4 Agosti
Mpango! Nicodemus, mwalimu wa kwaya, ana tepurekoda. Nimeiazima kwa kazi ya kiroho. Nimejifungia stoo ya mizigo na kujirekodi nikisema ba-ba, ba-ba, saa nzima. Mzee Wepukhulu wa mizigo alichungulia, akarudisha mlango polepole. Kesho sauti yangu itakaa sebuleni na mtoto, nami niko kazini. Mashine haina mama mkwe.

Alhamisi, 5 Agosti
Balaa. Elsie aliiwasha asubuhi nilivyomwomba. Mama mkwe alikuwa akichambua omena alizoletewa na Aoko, muuza samaki wa ufuoni Dunga. Kusikia sauti yangu chumbani, alijifunika uso kwa leso na kutoka mbio. Sinia likapinduka. Alikaa uani mpaka betri zikaisha, na paka wa jirani akamaliza omena zote. Akanitumia ujumbe kupitia Elsie: Laban ni mkwe wa namna gani, anayemfukuza mkwewe kwa sauti huku mwili wake haujulikani ulipo?

Nasambu ameipenda mashine. Anailamba na kuiita ba-ba.

Ijumaa, 6 Agosti
Nicodemus alikuja kuchukua mashine yake. Mtoto akamnyooshea mikono akilia ba-ba, ba-ba, mpaka langoni, majirani wote wakitazama. Nicodemus hajaoa. Aliona haya sana.

Elsie amefunga sanduku. Nilimwona akikunja kile kifulana cha manjano nilichonunua siku Nasambu alipozaliwa. Nilienda kwa Mureithi lakini sikuona hata kete.

Jumamosi, 7 Agosti
Nilitaka kumuaga Nasambu kabla mama mkwe hajafika. Aliwahi! Hodi moja tu, naye yuko sebuleni. Mlango wa kutokea ni mmoja. Nikajitupa uvunguni mwa kitanda. Nikamsikia Elsie akimwambia mama yake kwamba bila shaka niko kwenye drafti. Ningekanushaje?

Nasambu akaja akitambaa. Akaniona. Hakulia. Nikabana midomo kumwashiria anyamaze. Akaitazama, akaishika, akaivuta. Nikaiachia, pa! Akacheka. Tulifanya hivyo labda robo saa, pua kwa pua, nikasahau kwamba nimejificha. Kisha akanikazia macho na kusema taratibu: baba. Halafu kwa nguvu, nyumba nzima isikie.

Miguu ya Elsie ikaja, ikasimama. Nyuma ya pazia mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia Elsie, kwa sauti ya kunifikia mimi, kwamba yeye hawezi kumpeleka Bungoma mtoto aliyempata baba yake hata uvunguni. Akapanda basi peke yake. Elsie akafungua sanduku. Nililia kidogo. Chini ya kitanda mna vumbi.

Jumapili, 8 Agosti
Naandika haya dukani kwa Mureithi, kati ya mchezo wa tatu na wa nne. Nimewaeleza wote kwamba siri ni mashine. Nicodemus atanipa tena, bora niimbe besi kwenye kwaya. Nimemwapia Mureithi kwamba kufikia Krismasi Nasambu atakuwa anasema reli. Kijitabu kinadai r hukawia. Kijitabu hakinijui.

Elsie ametuma mtu kuniambia kwamba tangu mchana mtoto ananitafuta uvunguni. Nimejibu nakuja. Nimalize huu mmoja tu.