Mahari ya Malkia wa Rwamburi

Kuna watu wakiona ukuta uliobomoka, wanaona ukuta uliobomoka. Ireri wa Kianjokoma hakuwa mmoja wao. Alipouona ule ulio kilimani juu ya kijiji cha Githongo, huko Meru, alizima pikipiki, akavua kofia ya chuma, akasimama kwa heshima zote. Mungu, alijiambia, hamtupi mja wake.

Alikuwa ametoka kwao Embu kuja kumwona mpenzi wake Kananu, na kama kawaida alikuwa ameondoka pale kwao msichana na chai tumboni na si kingine. Kananu mwenyewe hakuwa na neno. Walipendana vizuri na kwa uwazi. Shida ilikuwa Marete, baba mdogo wa Kananu, aliyemlea. Kila mara Marete alimuuliza Ireri anafanya kazi gani, na kila mara jibu lilikuwa refu mno. Mtu aliyewahi kuuza dawa ya kunenepesha nguruwe, taa za jua zisizopenda jua, na shamba la mtu mwingine, huyo kazi yake haisemeki kwa neno moja. Na Marete alikuwa ameapa kuwa binti wa ukoo wao hatolewi kwa mtu wa maelezo.

Sasa ule ukuta. Kila mtu Githongo alijua palikuwa kiwanda cha kuosha kahawa, kikafa wanachama walipogombana, msitu ukamaliza kilichobaki. Lakini watu wa Nairobi hawakujua, na Ireri alikuwa mtu wa kuwahurumia wasiojua.

Mwezi haukuisha kabla kibao hakijasimama: MJI WA KALE WA RWAMBURI, MIAKA MIA NANE. Magugu yakafyekwa, kamba ikafungwa, mkebe wa kiingilio ukawekwa langoni. Magari yakaanza kupanda kilima.

"Hapa malkia alikuwa akioga," Ireri aliwaambia wageni, akionyesha matangi ya kuchachushia kahawa.

"Yote matatu?" aliuliza Maxine, dada mmoja wa Nairobi mwenye kofia pana, aliyekuja kila Jumamosi na kurusha kila kitu moja kwa moja mtandaoni kwa simu.

"La asubuhi, la jioni, na la wageni."

"Lakini hii si simiti?"

"Wengi husema hivyo. Hilo ni jivu, asali na damu ya ng'ombe, dada. Simiti ndiyo iliyoiga hapa."

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliinama akasoma maandishi ukutani. "Hapa pameandikwa 1957."

"Ng'ombe wa mfalme, mwalimu. Alikuwa akiandika hesabu yao ukutani wasiibwe."

"Na nijuavyo, Wameru hawakuwa na wafalme. Walikuwa na mabaraza ya wazee."

"Kweli kabisa," Ireri alisema kwa huzuni. "Walimjaribu huyu mmoja, wakakoma."

Utauliza, wenyeji walinyamaza kwa nini? Walinyamaza kwa sababu wageni walinunua ndizi, maparachichi na chai, na wakilipa hawakusubiri chenji. Ukweli ni kitu kizuri sana, lakini hakuna aliyewahi kuuona ukinunua ndizi.

Mambo yangeendelea hivyo kama siku moja Cucu Kajuju, nyanya yake Kananu na mkubwa wa ukoo, hangepanda kilima na fimbo yake na kuketi kwenye bafu la wageni. Ireri alimwona, moyo ukamchangamka. Hii, alifikiri, ndiyo siku ya kujipendekeza.

"Lakini wewe haya yote umeyajuaje?" Maxine alimuuliza.

"Mimi ni wa uzao wa mfalme Rwamburi. Mji ulipoanguka, watu wake walishuka mpaka Embu."

"Na malkia?"

"Malkia alikuwa binti wa papa hapa chini. Wa ukoo wa cucu huyu unayemwona."

Maxine alimgeuzia Cucu simu. Cucu alitikisa kichwa polepole, akakubali. Hapo ndipo Ireri alipopaswa kunyamaza. Lakini mtu mwenye mdomo mtamu ana ugonjwa mmoja: hajui utamu ukishatosha.

"Mfalme alitoa mahari gani?" Maxine aliuliza.

"Hakutoa hata mbuzi. Alimwona mtoni anateka maji, wakaangaliana, wakapanda kilima wote wawili. Ilikuwa mapenzi matupu."

Maxine aliweka mkono kifuani. Cucu Kajuju aliinuka, akajikung'uta leso, akashuka kilima bila kuaga. Ireri alidhani amemtoa machozi, akafurahi mchana kutwa.

Jumamosi iliyofuata Marete alipanda na Cucu Kajuju na wazee wa ukoo, wazee wamevaa makoti na kofia za kanisani. Walifuata ziara yote kwa adabu, wakatazama mabafu, wakasifu ng'ombe wa mfalme. Ireri alipomaliza, Marete alikohoa.

"Wageni, mtuwie radhi. Tuna neno na kijana wetu. Ireri, wewe ni wa damu ya mfalme?"

"Ni wake."

"Na alimchukua binti yetu?"

Ireri alitazama simu ya Maxine. Ilikuwa imemlenga usoni, na macho ya dunia yalikuwa nyuma yake. "Alimchukua."

"Bila hata mbuzi."

"Mzee, hiyo ilikuwa zamani sana."

"Mahari haiozi," Marete alisema, na wazee wakaguna kukubali. "Na wewe umekulia Embu, huko nako wanajua. Mwanamke asiyelipiwa mahari bado ni binti wa baba yake. Watoto aliozaa ni wa ukoo wa baba yake, na watoto wa watoto wao vivyo hivyo. Kwa hivyo karibu nyumbani, mwanangu. Wewe ni wetu, na mji wa babu yako ni wetu."

Akauchukua ule mkebe wa langoni, akampa Cucu Kajuju, naye akaufunika kwa leso. Wageni wakapiga makofi. Wengine walilia.

Mkebe ulimuuma Ireri, lakini kuna kitu kilimuuma zaidi. Alimvuta Marete kando. "Na Kananu?"

"Kananu yupi?" Marete alishangaa. "Dada yako?"

 Sentensi moja tu ingemwokoa Ireri: jamani, hiki ni kiwanda cha kahawa. Lakini nusu ya waliolipa kiingilio walikuwa wamesimama pale, na Marete angelipata hatimaye lile neno moja la kuitaja kazi ya Ireri: mwongo. Akisema, amemkosa Kananu. Akinyamaza, amemkosa Kananu. 

Alimpigia Kananu simu kabla hajafika barabarani.

"Kananu, wewe si unajua pale ni kiwanda? Watu wenu wote wamepeleka kahawa pale."

"Najua."

"Basi waambie."

"Nimwambie Cucu ni mwongo? Mbele ya Maxine? Ireri, mimi nakupenda, lakini siolewi na kaka yangu. Lipa, utoke kwenye ukoo."

"Nimlipie mwanamke ambaye hajawahi kuwepo?"

"Wewe ndiye uliyemleta," Kananu alisema, akakata.

Pikipiki ilinunuliwa na mtu wa Muthara, Ireri akageuka asiione ikiondoka. Kisha akaleta alichoambiwa alete: mtamba, fahali, kondoo jike, kondoo dume, na kibuyu cha asali. Asali ilirudishwa. Cucu aliionja akasema ina sukari, na kwa kweli ilikuwa na sukari. Alipoleta nyingine jioni hiyo hiyo, wazee waliila, wakabariki, wakatangaza kwamba malkia wa Rwamburi ameolewa rasmi, na mzao wake ni mtu wa Embu kabisa.

Ireri alisimama pale pale, kabla baraka hazijapoa. "Wazee, kwa kuwa sasa mimi si wenu, nimekuja kumposa Kananu."

Walinong'onezana kidogo. Kananu aliendelea kumimina chai.

"Tumekubali," Marete alisema. "Mahari ni kama ya malkia. Sisi hatubagui mabinti zetu."

"Mzee, sina hata gurudumu. Wanyama nitawatoa wapi?"

Marete alielekeza fimbo zizini. "Si wale pale? Tunauza."

"Wale niliowaleta asubuhi?"

"Hao hao."

"Basi mniuzie kwa bei niliyowanunulia."

"Hiyo ilikuwa bei ya mifugo," Marete alisema kwa upole. "Hawa si mifugo tena. Hawa ni mahari ya malkia wa Rwamburi. Kitu cha miaka mia nane, mkwe wangu, hakiuzwi bei ya sokoni."

Ireri alifungua kinywa abishane. Ndipo lile neno, mkwe wangu, lilipomfikia. Akakifunga kinywa, kisha akauliza kama wanakubali kidogo kidogo.