Uzinduzi wa Dawati la Kumlalamikia Mwenyekiti wa Baraza la Ardhi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Baraza letu la Ardhi, mwanasheria msomi Cleophace, ambaye ndiye pia mlalamikiwa wetu wa kwanza (makofi, mgeni rasmi anasimama na kupunga mkono), waheshimiwa madiwani mliofika na mliotuma udhuru, baba paroko, mchungaji, viongozi wa vyama vya msingi vya kahawa, wazee wa Kibingo na Bugomora, na ninyi wa Kiruruma mliovuka kutoka wilaya jirani kuja kujifunza kwetu, wanakwaya, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa, na pale isipozingatiwa naomba ihesabike imezingatiwa.

Mimi, Aristides Rweyemamu, Mratibu Mwandamizi wa Maadili Shirikishi, nimesimama hapa nikiwa na furaha isiyo kifani, kwa sababu leo tunazindua Dawati Jumuishi la Kupokea, Kuchakata na Kuhuisha Malalamiko ya Kimaadili, dawati ambalo wenzetu wa mikoa mingine wanalisikia redioni tu. (Makofi ya wastani.) Nawaomba mpige makofi kama watu waliokula. (Makofi.)

Ndugu zangu, takwimu hazidanganyi. Katika miaka mitano iliyopita hakuna lalamiko hata moja dhidi ya mwenyekiti lililocheleweshwa, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kulipeleka. Leo, chini ya sistimu yangu mpya, asilimia mia moja ya malalamiko yamepokelewa, yaani hilo moja la Mama Auleria, mjane kutoka Bugomora, yule pale mwenye kitenge cha kijani. Simama, mama, stekiholda wakuone. (Mama Auleria anasimama.)

Kwa faida ya wasiojua, mama huyu analalamika kwamba siku baraza lilipokwenda kukagua kibanja chake cha migomba, anachogombania na jirani yake Bwana Nolasco, mheshimiwa mwenyekiti aliingia kwanza kwa Nolasco, akaletewa kikapu cha kahawa ya kutafuna, wakapasua tunda moja, huyu akala punje yake na yule yake, wakakumbatiana kama ndugu waliochanjiana damu, na wiki mbili baadaye kibanja chote, pamoja na kaburi la marehemu mume wake, kikawa cha Nolasco. (Minong'ono.) Tulieni! Nani anayeguna huko nyuma? Mimi binafsi nimelichambua suala hili kitaalamu, nikabaini kwamba kumkatalia mwenyeji kahawa ni utovu wa adabu, kwamba mwenyekiti wetu ni mtu wa adabu, na kwamba punje yenyewe, kwa maelezo ya walioiona, ilikuwa ndogo. (Mgeni rasmi anatikisa kichwa kukubali.)

(Mama Auleria: "Baba, mimi naomba muhuri tu kwenye barua yangu. Wameniambia bila muhuri wa kupokelewa huko mkoani hawaigusi. Na Alhamisi wanakuja kukata migomba.")

Shikamoo, mama. Nimekuamkia kwa heshima zote, sasa kaa. Suala la muhuri lipo kwenye mpango mkakati, awamu ya tatu, na wewe unataka kuturudisha nyuma tukiwa bado awamu ya uhamasishaji! (Kicheko upande wa viongozi.) Lalamiko la kimaadili lina prosesi. Unajaza fomu nakala nne, moja inabaki kwako, moja inabaki dawatini, moja inakwenda kwa mlalamikiwa ili aseme kama anakubali kulalamikiwa, na ya nne inahifadhiwa kwa ajili ya kizazi kijacho. Ukiona kimya kwa siku tisini, ujue linafanyiwa kazi.

(Mama Auleria: "Siku tisini migomba itakuwa wapi, baba? Mume wangu nitamhamishia wapi?")

Huo ni mchango mzuri na sekretarieti imeunukuu. Ninapoelekea kuhitimisha, niitikieni. Maadili! (Watu wanatazamana.) Mnaitikia "Yadumu!" Maadili! ("Yadumu.") Malalamiko! ("Yadumu!") Hapana, hapo mnaitikia "Yapokelewe", lakini basi, tuendelee.

Niwashukuru walionisaidia. Namshukuru Bwana Nolasco kwa kutuazima stoo yake, hii tuliyoikatia utepe kama ofisi, ambayo kesho anairudishia magunia yake. Naishukuru parokia kwa sanduku la maoni, lirudi kabla ya misa ya Jumapili. Kibao kile ni cha duka la dawa za mifugo, tumekigeuza tu, fundi asikiguse upande wa pili. Watumishi wa dawati hawajaajiriwa, kwa sababu dawati halijaidhinishwa, na halijaidhinishwa kwa sababu barua ya kuliomba sijaiandika, nilitaka kwanza nione kama wananchi watalipenda. Kwa msingi huo muhuri hautakuwepo.

Kipekee nakushukuru wewe, Mama Auleria, kwa kutembea tangu alfajiri kuja kutupa picha nzuri za ripoti. Barua yako, kwa kuwa haina pa kukaa, nimemkabidhi mgeni rasmi, na tayari ameisoma. Ameninong'oneza hapa nikutoe wasiwasi wa Alhamisi. Anasema kwa vile leo ulikuwa huku na nyumbani hakukuwa na mtu wa kubishana, vijana walianza kukata saa tatu asubuhi, na sasa hivi wamebakiza pale penye kaburi.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. (Mama Auleria anatoka mbio. Kwaya inajipanga mistari.)