Mlango Mmoja kwa Nyumba Ishirini

Wananchi mnatangaziwa kwamba uhaba wa nyumba ulikomeshwa rasmi Jumanne, saa nne na robo asubuhi, kabla kidogo ya chai. Nyumba zenyewe zilikuwa hazijajengwa, lakini hilo ni suala la utekelezaji, na Idara haipendi kuchanganya mambo.

Zilikuwemo kwenye kompyuta ya Mchoraji, mwanamke mtaratibu mwenye miwani ya kamba: nyumba ishirini za safu, zimebanana ukuta kwa ukuta, za paneli za faiba na gundi ngumu, zinazotoka kiwandani tayari na kufungwa kwa boliti. Mchoraji alikuwa na lake moyoni. Mama yake, aliyefagia korido za Idara miaka thelathini, alikuwamo kwenye orodha ya kugawiwa. Chumba alichopanga, mwenye nyumba aliingia atakavyo, hata mtu akiwa anaoga.

"Mwanangu," alisema mama, "mie sitaki makuu. Nataka mlango wangu. Nikifunga, umefungwa."

Mkurugenzi Mkuu akaja kukagua michoro kwenye skrini.

"Hivi vyekundu ni nini?"

"Milango, mheshimiwa. Paneli ikitobolewa inapungua nguvu, kompyuta inatuonya. Tukiongeza fremu ya chuma..."

"Yaani inalalamika mbele yangu?"

"Inashauri tu."

"Toa hiyo milango."

Akaitoa. Skrini yote ikawa kijani kama shamba la mchicha, na Mkurugenzi akashusha pumzi.

"Na watu wataingilia wapi?" aliuliza Mchoraji.

Swali lilikuwa na harufu ya uchochezi, lakini Idara ni sikivu. Ikaundwa Kamati Ndogo ya Kuingia na Kutoka, ikakaa hotelini siku tatu, ikatoka na azimio: mlango uwe mmoja, kwenye nyumba namba moja, wengine wapite ndani kwa ndani, maana kuta za katikati hazibebi kitu. Mpango ukaitwa Ufikiaji Shirikishi. Mchoraji alilia chooni, akanawa uso, akarudi kuchora.

Nyumba zilipojengwa na kugawiwa, Mkurugenzi alijichukulia namba ishirini, ya mwisho, pana kuliko zote, inayotazama bustani. Mkubwa hakai mlangoni, alieleza. Namba moja ilikataliwa na kila mwenye mjomba Idarani. Nani anataka sebule yake iwe stendi? Ikamwangukia mama.

Siku ya kwanza, Mkurugenzi alitoka kazini saa kumi. Namba tatu wakamwonyesha paa linalovuja. Namba saba walikuwa mezani, na huwezi kukipita chakula cha watu bila kuketi. Namba kumi na moja, bibi mmoja alimshika mkono akamuuliza habari za mke, za watoto, mmoja mmoja, kisha habari za barua yake ya mwaka juzi. Mpaka anavua viatu kwake, alikuwa ametoa ahadi thelathini na mbili.

Asubuhi akamwita Mchoraji. "Nitobolee mlango kwangu. Leo!"

Mchoraji akauweka kwenye kompyuta. Safu nzima ikawa nyekundu.

"Inalalamika?"

"Hapana, mheshimiwa, sasa inapiga mayowe. Ukuta wako wa nje ndio unaoshikilia wenzake. Tukiutoboa, ya kwanza kulala chini ni yako."

"Si utie ile fremu ya chuma!"

"Hutiwa kiwandani, kabla gundi haijakauka."

Mkurugenzi akaomba maji.

Jioni mvua ikamwagika. Mchoraji alikuwa kwa mama yake akimenya viazi, mlango ukagongwa.

"Hodi! Ni mimi, Mkurugenzi Mkuu!"

"Ngoja, mwanangu," mama akaitikia. "Navaa."

"Mama, nimelowa chapachapa!"

"Pole, baba. Ngoja hapo hapo."

Mama alikuwa amevaa toka asubuhi, mpaka kitambaa kichwani. Akaenda akaujaribu ufunguo, akauona umezunguka wote, akarudi kitini akamimina chai vikombe viwili. Mchoraji alicheka mpaka kisu kikamponyoka.

"Sukari?" mama akauliza.

Nje hodi ikapigwa tena, safari hii polepole, bila cheo.