Kuhusu Chipu Iliyonifanya Swichi

Makarius Ntahondi,
Karani Mstaafu wa Masjala,
Kasulu.
17 Novemba 2014

Mhadhiri Msimamizi wa Miradi ya Elektroniki,
Chuo Kikuu,
Dar es Salaam.

Kupitia kwa: Mjumbe wa Nyumba Kumi, Mwenyekiti wa Mtaa, Mtendaji wa Kata, Afisa Tarafa, Katibu Tawala wa Wilaya, Katibu Tawala wa Mkoa, Makamu Mkuu wa Chuo, Mkuu wa Idara.

Ndugu Mhadhiri,

YAH: KUMFUNDISHA MTOTO WETU NJIA FUPI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi huku ni wazima, mvua inanyesha na maharage yameshika. Mimi ni baba mdogo wa mwanafunzi wako Bazilio, aliyekuja mwezi uliopita kumalizia ripoti ya mradi wake. Vilevile ndimi mshenga wake, niliyeteuliwa na ukoo kumposea Theodosia, binti wa Mzee Ndayiragije wa Rungwe Mpya. Kazi hiyo niliianza Pasaka na ilikuwa inakwenda vizuri, yaani polepole.

Mradi wenyewe alinieleza, na sikatai kwamba ni wa akili. Anasema kuna chipu ambayo fundi huipanga upya hata baada ya kuinunua. Ndani yake mna vijumba vingi, nyaya kati ya vijumba, na swichi kwenye kila njia panda. Kila swichi ambayo ishara inapita inaichelewesha kidogo. Tena ishara zote zikiililia njia moja fupi, hubanana. Kwa hiyo yeye huipandishia gharama njia iliyojaa, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka zisizo na haraka zikubali kuzunguka, na njia fupi ibaki kwa ile ambayo nyingine zote zinaingoja. Kwa chipu, sina neno. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bazilio alichukua karatasi akauchora ukoo. Alianza na yeye, akaja mama yake, shangazi, mimi, katekista, mjomba wa binti, shangazi wa binti, hadi Mzee Ndayiragije. Kila mtu alimwandika swichi. Pembeni ya jina langu aliweka wino mwekundu: "Ucheleweshaji: wiki sita." Nimekaa masjala miaka thelathini na moja, Mhadhiri, mafaili yamepita kwangu mpaka mengine yakazeeka, na hakuna aliyewahi kunipima. Niliumia sana.

2. Jumapili ya tarehe 26 Oktoba alipanda bodaboda akaenda Rungwe Mpya peke yake. Aliinama, akapiga makofi ya salamu kama inavyotakiwa kwetu, kisha akasema shida yake mwenyewe, kwa mdomo wake. Ilichukua dakika kumi na moja, na saba kati ya hizo zilikuwa za salamu. Nimeambiwa mzee alimtazama sana, akamwambia, "Kumbe una sauti. Kaa hapo." Akakubali papo hapo. Sasa nani atakula kuku wa shangazi? Nani atakunywa pombe ya ndizi ya kwa mjomba? Kila swichi hula, Mhadhiri, hilo kwenye ripoti hakuliandika.

3. Ugonjwa umesambaa. Mke wangu, ambaye kwa miaka yote alikuwa akimtuma mjukuu aniambie nimekosea, sasa ananiambia mwenyewe. Wiki jana alisali moja kwa moja, akawaruka watakatifu wote, na katekista ananitazama kana kwamba chipu ni yangu. Tukienda hivi, mbinguni nako watapunguza watumishi.

4. Naomba chipu zote zirekebishwe zifuate utaratibu. Ishara itokapo kijumba kimoja iripoti kwanza kwa balozi wake. Isiyo na barua ya utambulisho irudishwe ilikotoka. Zikikutana njiani, iliyo changa iamkie kwanza. Na kila swichi ipewe mhuri, kiti, na muda wa kufikiri.

5. Nimeiacha wazi kwa hasira zitakazojitokeza baadaye.

Nisalimie Mkuu wa Idara, wahadhiri wote, mlinzi wa getini, na yeyote aliye kati yao nisije nikamruka.

Wako katika ujenzi wa taratibu,
Makarius Ntahondi

N.B. Nikitafuta kalamu ya kutia sahihi, nimekuta bahasha ndani ya koti langu la kanisani. Ni ya Mzee Ndayiragije. Niliigonga mhuri wa IMEPOKELEWA tarehe 14 Septemba nikaihifadhi, maana sikutaka ionekane nimefanya haraka. Anasema yeye anamtaka kijana wetu, lakini kuna watu wa Kibondo nao wamebisha hodi, na asipopata jibu hadi mwisho wa Oktoba, Theodosia atakwenda kwao. Bazilio alifika zikiwa zimebaki siku tano. Harusi ni tarehe 6 Desemba.

Barua hii sikuipitisha popote, nampa kondakta wa basi aifikishe mkononi mwako. Usimwambie Bazilio habari ya bahasha, nitamwambia mwenyewe sasa hivi. Kwa mama yake ni mlango wa tatu kutoka kwangu. Nimehesabu, hakuna swichi njiani.