Wakili wa Nchi Changa

Jumatatu, 5 Machi 1973
Okemwa amehamisha mkonge ya mpaka. Hatua tisa upande wangu. Kaburi ya mke wangu Nyanchera sasa iko kwake. Okemwa ni ndugu yangu, baba moja. Anasema atapanda ndizi. Ofisi ya kupima mashamba, Nyamira, wanapokea malalamiko mpaka Ijumaa, saa sita. Dada yangu Tryphosa amesema niende kesho. Nitaenda.

Jumanne, 6 Machi
Sikuenda. Nilikuwa Kebirigo, nabeba magunia ya pareto. Kwa mlango ya stoo kuna karatasi. Wakili anatoka Geneva. Ushauri wa sheria, bure, kwa nchi changa, mambo ya biashara ya dunia. Ijumaa saa tatu. Nimesoma mara tatu. Kwetu nchi ni ense, na ense ni udongo, ni shamba. Yangu changa kabisa, majani chai nimepanda mwaka jana. Biashara ya dunia sijui. Bure najua.

Jumatano, 7 Machi
Nimemwambia Okemwa pale kwa kinu ya posho, watu wakisikia, kwamba wakili wangu anatoka Ulaya. Akauliza kama huyo wakili anajua kulima ndizi, kuna kibarua. Watu wakacheka. Tryphosa amesema Nyamira ni mwendo wa asubuhi moja tu. Nikamwambia wanawake hawajui sheria. Akasema ndiyo, hajui sheria, lakini siku anajua kuhesabu.

Ijumaa, 9 Machi
Nimevaa koti ya harusi. Nimebeba udongo wa kaburi kwa gazeti. Ushahidi. Ndani ya stoo kuna wakubwa wa chama cha pareto, na watu wa Nairobi. Wamenipa chai, wakifikiri mimi mjumbe wa chama kutoka Marani. Wakili, mzungu, aliongea masaa mbili. Walter, karani wa chama, akatafsiri. Nchi kubwa inasonga nchi ndogo, inaweka ushuru, inafunga mlango. Nikaelewa. Huyo ni Okemwa kabisa. Nikasimama, nikaweka udongo juu ya meza, nikasema yote.

 Walter akatafsiri. Mzungu akatoa miwani. Akasema pole kwa mama. Akasema yeye anasaidia serikali ikishtakiana na serikali. Mtu mmoja hapana. Akaniandikia anwani yake, kwa heshima. Walter akanishika mkono mpaka nje, akaniambia polepole: tata Nyasani, kimbia Nyamira.

Nilikimbia. Nikakuta kufuli.

Jumapili, 11 Machi
Okemwa amepanda. Migomba sita. Moja iko pale kichwa ya Nyanchera. Wazee wamemwambia hiyo ni mwiko. Amejibu kwa ramani hakuna kaburi, kuna namba. Tryphosa hajakula tangu asubuhi. Mimi nilikula kidogo.

Jumatatu, 12 Machi
Walter amekuja mpaka nyumbani. Ameuliza kwa ofisi ya Nyamira. Wanaweza kusikiliza mtu amechelewa, akienda mwenyewe, mwisho Jumatano. Nimemshukuru sana.

Leo nimeandika Geneva. Shida ilikuwa yule mzungu aliona mtu mmoja. Sasa nimeandika sisi. Sisi serikali ya Nyasani, tunashtaki serikali ya Okemwa. Tryphosa amekataa kuweka kidole, nimeweka mimi mara mbili.

Karani wa posta anasema jibu ni wiki sita. Si mbaya. Jumatano nitashinda hapa nyumbani, nisije nikapishana na wakili njiani.